Jicho la Upande wa Pili

Mwaka 1931, jijini Paris, Ilse Bing alijipiga picha kwa vioo viwili. Kimoja kilikuwa mbele yake, na humo tunamwona akitutazama moja kwa moja, mkono umeshika kamera yake ndogo ya Leica. Kingine kilisimama kando, na humo uso ule ule unaonekana kwa upande: paji, pua, kidevu, na kamera nayo imeonyesha ubavu. Mtu mmoja, kamera moja, kubofya mara moja. Bila vioo, pande hizo mbili zingehitaji wapiga picha wawili wanaobofya kwa wakati mmoja kutoka kona mbili za chumba. Bing, mzaliwa wa Frankfurt aliyehamia Paris mwaka 1930, alifanya kazi hiyo peke yake.

Naianza sura hii na picha hiyo kwa sababu ndani yake lipo jambo zima ninalotaka kulisema. Wengi tunapoanza kucheza na vioo tunavichukulia kama pambo la fremu. Tunaweka kioo mezani, tunaweka ua juu yake, maua yanakuwa mawili, basi. Picha inapendeza kwa sekunde tatu na inasahaulika. Bing alikichukulia kioo kama mahali pa kusimama. Na kifizikia hivyo ndivyo kilivyo: kioo bapa kinaiweka kamera ya pili nyuma yake, umbali ule ule ulio nao wewe mbele yake, ikitazama kuja upande wako. Kamera hiyo haipo, lakini kila kinachoonekana kiooni kinaonekana kama inavyokiona kamera hiyo. Ukishalikubali hilo, swali la kujiuliza linabadilika. Unaacha kuuliza kioo kikae wapi ili kipendeze, unaanza kuuliza jicho hilo la pili lisimame wapi, lione nini ambacho wewe ulipo hukioni.

Tuanze na umbali, maana hapo ndipo picha nyingi za vioo zinapoharibika. Taswira haikai juu ya kioo. Inakaa nyuma yake, kwa umbali ule ule ambao kitu chenyewe kipo mbele. Ukisimama mita 1.5 kutoka kwenye kioo, na unayempiga picha yuko mita 2 kutoka kwenye kioo hicho hicho, lenzi yako inatakiwa kulenga mita 3.5. Kamera inayolenga yenyewe mara nyingi hushika kitu cha kwanza inachokikuta: ukingo wa kioo, tone la maji, alama ya kidole. Uso unatoka ukungu na vumbi linatoka kali. Kwenye simu, gusa uso wenyewe ndani ya kioo, ushikilie kidole mpaka simu ijifunge hapo. Kwenye kamera, hamishia nukta ya kulenga kwenye jicho. Kama unataka ukingo wa kioo na uso vyote viwe vikali, bana tundu la lenzi, f/11 au zaidi, na kubali kwamba utahitaji mwanga mwingi au mkono uliotulia. Mimi binafsi napenda kuchagua kimoja. Ukingo ukiwa na ukungu laini na uso ukawa mkali, mtazamaji anavutwa kuingia ndani ya kioo. Ukigeuza, uso unakuwa kama kumbukumbu ya mtu. Hizo ni picha mbili zenye maana mbili, na tofauti yake ni kugusa skrini sehemu moja badala ya nyingine.

Jambo la pili ni macho. Kuna mchoro wa Velázquez, uliochorwa kati ya mwaka 1647 na 1651 na sasa uko National Gallery, London: Venus, mungu wa mapenzi wa Warumi, amelala ametupa mgongo, mtoto mwenye mabawa amemshikia kioo, na humo tunauona uso wake. Muulize yeyote anachokitazama Venus, atakujibu kwamba anajitazama. Haiwezekani. Kama sisi tunauona uso wake kiooni, basi yeye akitazama kiooni anatuona sisi. Mwanga unapita njia moja kwenda na kurudi. Wanasaikolojia wamelipa kosa hilo la macho yetu jina la Venus, na kwa mpiga picha kosa hilo ni zawadi. Unaweza kumweka mtu mbele ya kioo akiwa anaitazama lenzi yako, na watazamaji wote wakaamini kwamba yuko peke yake na sura yake, anajiwazia. Hivyo mwelekeze kwa makini. Usimwambie “jiangalie kwenye kioo,” maana akijiangalia kweli, wewe uliye pembeni utamwona ametazama kando. Mwambie aitafute lenzi ndani ya kioo. Akiiona, unamwona.

Sheria hiyo hiyo inakusaidia kujificha. Kama huioni lenzi yako kiooni, lenzi nayo haijioni. Sogea kulia au kushoto mpaka taswira yako itoke kwenye fremu, kisha acha kuhangaika nayo.

Mahali pazuri kuliko pote pa kujifunza haya yote ni saluni ya kinyozi. Pale ninaponyolea, Temeke, kuna kioo kikubwa mbele ya viti na kingine ukutani nyuma, vinatazamana. Kichwa cha mteja kinajirudia: uso, kisogo, uso, kisogo, msururu unaokwenda mbali mpaka unapotea. Ukitazama vizuri utaona kila kichwa ni cheusi zaidi ya kilichotangulia na kina rangi ya kijani zaidi, kwa kuwa kioo cha kawaida kina chembe za chuma ndani yake, na kila mwanga unapopita hapo na kurudi rangi nyingine zinapungua kidogo. Usiiondoe kijani hiyo kwenye kompyuta. Ndiyo inayompa mtazamaji hisia ya kina. Ukiisafisha, msururu unakuwa karatasi iliyonakiliwa.

Lakini picha yenyewe kwangu si msururu huo. Inakuja mwishoni, kinyozi anapozima mashine, anapopuliza nywele shingoni kwa brashi ya poda, na kuchukua kioo kidogo cha mkononi.

“Kaka, cheki nyuma.”

Mteja anainua macho. Kwa nukta moja anaona kitu ambacho hakuna binadamu anayekiona bila msaada: kisogo chake mwenyewe. “Hapo juu ya sikio punguza kidogo,” anasema, na mkono unatoka chini ya shuka kuonyesha. Hapo vipo vioo vitatu, nyuso mbili, mkono mmoja hewani, na sura ya mtu anayejikagua kwa uzito wote. Simama pembeni nyuma ya kiti, bega la kinyozi likukinge, lenga macho ya mteja kwenye kioo kikubwa, na subiri kioo kidogo kipande. Omba ruhusa kabla hajakaa kitini, kwa kinyozi na kwa mteja. Kioo kina tabia ya kumwonyesha mtu asiyejua kwamba anaonekana, na mtu aliyefunikwa shuka mpaka shingoni hana namna ya kujisitiri.

Aliyenifundisha zaidi kuhusu kioo na mwanga ni mwanamke ambaye hakuwahi kuona balbu ya umeme. Clementina Hawarden alizaliwa Scotland mwaka 1822, akaolewa, akazaa watoto wengi, na alipohamia South Kensington, London, aliigeuza ghorofa ya kwanza ya nyumba yake kuwa studio. Waliopigwa picha walikuwa mabinti zake. Samani zilikuwa chache: meza, kiti, pazia, na kioo kirefu cha kusimama, kile kinachoinamishwa juu ya miguu yake. Alifanya kazi kwa njia ya kolodioni, ambapo bamba la kioo linapakwa dawa, linapigwa picha na kusafishwa kabla halijakauka. Binti alitakiwa kutulia kwa sekunde kadhaa bila kuyumba, na mama alitakiwa kukimbia.

Tazama anavyokipanga kioo. Dirisha kubwa liko upande mmoja. Binti anasimama mbele ya kioo, karibu na dirisha, ametugeuzia bega. Upande wa uso wake unaotutazama uko gizani, na upande unaoangazwa na dirisha hatuuoni, isipokuwa kioo kinautuletea. Kwa hiyo tunapata msichana mmoja wa kivuli na mwingine wa nuru, na wote wawili wamepigwa kwa mwanga mmoja wa bure unaotoka bustanini. Kioo hapo kinafanya kazi mbili kwa pamoja: kinaonyesha, na kinarudisha mwanga. Leo tunanunua vitambaa vya fedha vya kurudishia mwanga na kuvificha nje ya fremu. Hawarden aliuacha mtambo wake ndani ya picha ukawa sehemu ya hadithi.

Alipata medali za Photographic Society ya London kwa maonyesho ya mwaka 1863 na 1864, na Januari 1865 akafariki kwa nimonia akiwa na miaka 42. Mwaka 1939 mjukuu wake aliipatia Victoria and Albert Museum picha 775. Nyingi zina pembe zilizochanika, kwa kuwa zilibanduliwa kutoka kwenye albamu za familia. Nakushauri uzitafute mtandaoni, uzitazame moja moja, na kila moja ujiulize dirisha liko wapi. Hakuna zoezi bora zaidi ninalolijua. Kisha lifanye nyumbani: kioo cha kabati, dirisha moja, taa zote zimezimwa, mtu mmoja mvumilivu.

Maji ni kioo kingine, lakini kina masharti yake. Ukiyatazama kutoka juu wima, yanarudisha asilimia 2 hivi tu ya mwanga; unachokiona ni tope la chini. Kadiri unavyoinama na kuyatazama kwa mlalo ndivyo yanavyorudisha zaidi, mpaka kule karibu kabisa na uso wake yanarudisha karibu mwanga wote. Ndiyo maana dimbwi ulilolikanyaga bila kuliona linageuka kuwa anga zima ukichuchumaa. Kwa simu kuna ufundi mdogo unaoshinda kamera nyingi za bei: igeuze kichwa chini, ili lenzi iliyo juu ije kukaa kidole kimoja tu kutoka kwenye maji. Dimbwi la ukubwa wa sinia linakuwa ziwa.

Nenda mvua za masika zikikatika, asubuhi, kwenye barabara ya bandarini Dar es Salaam, pale mbele ya Kanisa la Azania Front. Ukiwa umesimama wima, mnazi ulio karibu nawe unaishia chini ya paa la vigae vyekundu. Tazama sasa ndani ya dimbwi: mnazi huo huo umepanda, pengine unalivuka paa. Si uchawi. Jicho la upande wa pili liko chini ya ardhi, kwa kina sawa na urefu wa jicho lako juu ya maji, na mtu anayetazama kutoka chini anaviona vilivyo karibu vikinyanyuka mbele ya vilivyo mbali. Maji yanakuonyesha uvungu wa paa, tumbo la jahazi, upande wa chini wa daraja. Watu wengi wanaopiga picha za maji hawajawahi kuligundua hili kwa sababu wanaamini juu na chini ni nakala. Ni nakala pale tu lenzi inapokuwa imegusana na maji. Hapo macho mawili yanakutana, na unapata ule ulinganifu kamili unaopendwa kwenye kadi za posta. Ukiinuka, taswira inafifia lakini inaanza kusema maneno yake yenyewe. Mimi huinuka. Ulinganifu kamili unanichosha haraka, ilhali picha ambayo nusu yake ya chini inajua kitu ambacho nusu ya juu haikijui naweza kuirudia kwa miaka.

Upepo unaamua mengine. Pwani yetu asubuhi na mapema huwa shwari, na jua likipanda upepo wa baharini nao unaamka. Maji yakianza kucheza, taswira hurefuka kwenda wima: taa ya pantoni inakuwa utepe, mlingoti unakuwa nyoka. Hilo nalo lina uzuri wake usiku. Na usisahau kwamba taswira majini karibu siku zote ni nyeusi kuliko kitu chenyewe. Ukipima mwanga kwa maji, anga la juu litaungua. Pima kwa anga, kisha inua vivuli baadaye.

Henri Cartier-Bresson mwaka 1932 alichungulia kupitia uzio nyuma ya kituo cha treni cha Saint-Lazare, Paris, akampiga picha mtu anayeruka juu ya maji yaliyotuama. Picha hiyo inatajwa kila mahali kwa ajili ya wakati wake, na watu wanasifu mruko. Mimi naomba utazame kisigino. Hakijagusa. Kwa kuwa hakijagusa, chini yake bado yupo mtu wa pili aliye mzima, miguu imeachana vile vile, anaruka kwenda kwake. Kingegusa, mawimbi yangemvunja yule wa chini na picha ingebaki na mtu mmoja anayelowa. Cartier-Bresson alitupatia watu wawili.

Kioo cha dirisha la duka ni kigumu kuliko vyote, na kwangu ndicho kitamu kuliko vyote, kwa sababu kinaonyesha pande mbili kwa wakati mmoja. Eugène Atget, mzee aliyezunguka Paris na kamera kubwa ya mabamba ya kioo, alipiga mwaka 1925 dirisha la duka la nguo za kiume pale Avenue des Gobelins. Sanamu zilizovalishwa suti zinatabasamu, na juu yao, kupitia miili yao, zinapita nyumba na miti ya ng'ambo ya barabara. Hujui kama sanamu ziko mtaani au miti imeingia dukani. Dirisha la kawaida linarudisha kiasi cha asilimia 8 ya mwanga, asilimia 4 kwa kila uso wa kioo. Ni kidogo, lakini mtaa wenye jua kali una mwanga mwingi kiasi kwamba sehemu hiyo ndogo inatosha kulizima duka lenye taa hafifu. Jioni mizani inageuka: mtaa unafifia, taa za duka zinashinda, na barabara inatoweka kwenye kioo.

Unachokitaka ni ule muda wa katikati, pande zote mbili zikiwa sawa. Huku kwetu karibu na ikweta jua linazama wima, na muda huo hauzidi dakika 20 hivi baada ya kuchwa. Kariakoo, magharibi inapoingia, chagua dirisha lako mapema, jua unachokitaka ndani na unachokitaka mtaani, na usihame. Ukihama utaukosa muda wote ukitafuta.

Filta ya polaraiza inaweza kukusaidia kupunguza au kuongeza taswira kwenye dirisha na kwenye maji, hasa ukitazama kwa mshazari wa nyuzi 50 na kitu kutoka kwenye mstari unaokichoma kioo wima. Izungushe taratibu na uache kabla taswira haijafutika. Kwenye kioo cha kujitazamia, chenye fedha mgongoni, haifanyi lolote la maana.

Kuna siri moja ya dirisha la duka ambayo Vivian Maier aliijua vizuri kuliko yeyote. Ukisimama mbele ya kioo na jua liko mgongoni kwako, mwili wako ni mweusi. Kwa kuwa mwili mweusi haurudishi mwanga wa kutosha kulizima duka, ndani ya umbo lako ndipo vitu vya dukani vinapoonekana wazi. Umbo lako linakuwa tundu la mlango. Maier, mzaliwa wa New York mwaka 1926, alilea watoto wa watu Chicago kwa miaka mingi na aliacha hasi za picha zaidi ya 100,000 ambazo ulimwengu ulianza kuzifahamu baada ya baadhi yazo kuuzwa kwenye mnada mwaka 2007. Alijipiga mara nyingi mno: kwenye madirisha, kwenye vioo vya maduka ya samani, hata kwenye kioo kilichokuwa kikibebwa barabarani. Kamera yake ya Rolleiflex inashikwa kifuani na kutazamwa kwa juu, kupitia kioo kingine kilichomo ndani yake, kwa hiyo haimfuniki uso. Ukitumia simu, jifunze hapo: ishushe kifuani, inua kidevu, tazama kioo na si skrini. Selfi nyingi za kioo zinakufa kwa sababu mtu anatazama skrini, na sisi tunaachiwa kope zake.

Nimebakiza saiti mira. Lee Friedlander, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1934, alitoa mwaka 2010 kitabu cha picha alizozipiga akiwa ndani ya magari ya kukodi, America by Car, ambamo usukani, nguzo za dirisha na vioo vya pembeni vinaikata nchi vipande vipande. Kioo cha pembeni cha gari mara nyingi kimebinuka, na kwenye kioo kilichobinuka ile hesabu ya umbali niliyokupa mwanzoni inavunjika. Lori lililo mita 50 nyuma haliko mita 50 ndani ya kioo. Taswira yake imeketi chini ya mita moja nyuma ya kioo, pamoja na majengo, pamoja na anga. Ndiyo maana ukilenga kioo chenyewe kutoka kiti cha abiria, ukingo wake, vumbi lake na lori la nyuma vinaweza kutoka vikali pamoja kwa f/8 ya kawaida, kitu ambacho kioo bapa hakikuruhusu. Shida inahamia mbele: barabara unayoiendea iko mbali kweli, na itatoka ukungu usipobana tundu zaidi. Mimi huiacha hivyo, ikiwa kinachonifurahisha ni kile tulichokipita. Kaa kiti cha mbele cha daladala upande wa kushoto, muombe dereva ruhusa, fungua kioo cha dirisha ili usichanganye taswira mbili, weka kasi ya shata angalau 1/500, na bofya gari likiwa limepunguza mwendo kwenye kona, kwa sababu kwenye kona kioo kinafagia mtaa mzima na nyuso za waliosimama kituoni zinaingia ndani yake moja baada ya nyingine.